Sukari Haba, Misuli Mikubwa: Jinsi Homoni Zinavyogawa Lishe Mwilini mwa Ng'ombe

Mtu mzima akipimwa damu asubuhi kabla ya kula, akakutwa na miligramu 50 tu za sukari katika kila mililita 100 za damu, daktari hatangoja. Atampa maji ya sukari mara moja, kisha ataanza kutafuta kiini cha maradhi. Ng'ombe mwenye kiwango hicho hicho hana ugonjwa wowote. Yuko malishoni, anacheua, anapunga mkia kufukuza nzi, na misuli ya mapaja yake inazidi kujaa. Kiwango cha kawaida cha glukosi, yaani sukari ya damu, katika ng'ombe mzima ni kati ya miligramu 45 na 75 hivi kwa mililita 100, ambapo kwa binadamu aliyeshinda usiku bila kula ni 70 hadi 100. Je, mnyama mwenye uzito wa kilo 400 anauendeshaje mwili huo kwa sukari haba namna hii? Na ni nani anayeamua kiungo kipi kipewe na kipi kinyimwe?

Vitabu vingi vya biolojia vinamwacha ng'ombe mara tu vinapokwisha kutaja vyumba vinne vya tumbo lake. Mwanafunzi hukariri majina ya vyumba hivyo, huyaandika katika mtihani, na somo huishia hapo kabla halijanoga. Lakini mambo yanayomhusu mfugaji, kama vile kwa nini mnyama wake amekonda, kwa nini nyama yake imekuwa nyeusi, kwa nini maziwa yamekauka, yanaanzia pale chakula kinapotoka tumboni na kuingia katika damu.

Siki badala ya sukari

Chumba cha kwanza cha tumbo la ng'ombe, rumeni, ni pipa la kuchachushia. Katika ng'ombe mkubwa kinaweza kuchukua zaidi ya lita 100, na joto lake ni nyuzi 39 hivi za Selsiasi usiku na mchana. Nilipokuwa masomoni ng'ambo tulikuwa na ng'ombe waliotobolewa ubavuni kwa upasuaji na kuwekewa kizibo cha mpira. Mwanafunzi alivaa glavu ndefu, akafungua kizibo, akaingiza mkono hadi begani. Kinachomshangaza mtu siku ya kwanza ni harufu. Hainuki kinyesi, inanuka siki na pombe changa.

Harufu hiyo ndiyo ufunguo wa habari yote. Bakteria, protozoa na kuvu waliomo rumenini huvunja selulosi ya nyasi, kazi ambayo hakuna kimeng'enya cha mamalia kinachoiweza, lakini glukosi inayopatikana huila wao wenyewe. Wanachomwachia mwenyeji wao ni mabaki ya karamu: asidi asetiki, ambayo ndiyo siki ya mezani, asidi propioniki, na asidi butiriki, ile inayoipa siagi iliyochacha harufu yake. Ng'ombe anayekula majani, katika kila molekuli 100 za asidi hizo, 65 hadi 70 hivi huwa za asetiki, 20 hivi za propioniki, na zinazobaki nyingi ni za butiriki. Mwaka 1944 Barcroft, McAnally na Phillipson, wakifanya kazi Cambridge, Uingereza, walionyesha kwamba asidi hizi hupenya kuta za rumeni na kuingia moja kwa moja katika damu. Leo tunajua kuwa humpa mnyama kadiri ya asilimia 70 ya nishati yake. Sukari inayofyonzwa utumboni kutokana na majani ni kidogo mno.

Hata hivyo, glukosi hailazimiki kidogo. Ubongo wa ng'ombe huitaka, chembe nyekundu za damu huitaka, kijusi tumboni huitaka, na kiwele hakiwezi kutengeneza laktosi, yaani sukari ya maziwa, bila hiyo. Mahitaji hayo yote hutimizwa na ini. Katika zile asidi tatu, ni ya propioniki tu ambayo ini linaweza kuigeuza kuwa glukosi kwa wingi. Mwanafunzi wa kemia ataona sababu ya hesabu yake kwa urahisi: propioniki ina kaboni tatu, glukosi ina sita, molekuli mbili za kwanza zinatoa moja ya pili. Malighafi nyingine za ini ni asidi laktiki, gliseroli itokayo katika mafuta, na asidi amino zitokazo katika protini. Hiyo ya mwisho tutairudia, maana ndiyo inayomgharimu mfugaji.

Tufanye hesabu ndogo. Ng'ombe wa kilo 400 ana damu ipatayo lita 23. Ikiwa kila lita ina gramu 0.6 za glukosi, damu yake yote ina gramu 14 hivi, yaani kati ya vijiko vitatu na vinne vya chai. Kila lita moja ya maziwa huhitaji gramu 70 hivi za glukosi. Ng'ombe anayetoa lita 10 kwa siku anatumia gramu 700 kwa maziwa peke yake; ini lake linapaswa kujaza akiba yote ya damu mara 50 kati ya alfajiri moja na nyingine. Nyumba yenye akiba ndogo na matumizi makubwa kiasi hiki haiwezi kuacha kila mtu ajichotee apendavyo.

Mshika funguo

Mshika funguo ni insulini, homoni itolewayo na kongosho. Insulini na ng'ombe wana historia ndefu katika sayansi. Frederick Banting na Charles Best walipoanza majaribio yao Toronto, Kanada, mwaka 1921, walitumia kongosho za mbwa. Muda si mrefu wakageukia machinjio, wakachukua kongosho za ndama ambao hawajazaliwa, kisha za ng'ombe wazima. Dawa aliyodungwa kijana Leonard Thompson mwezi Januari 1922, mgonjwa wa kwanza wa kisukari kutibiwa kwa njia hiyo, ilitokana na ng'ombe. Frederick Sanger alipofumbua mpangilio wa asidi amino katika insulini, kazi iliyompa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 1958, aliyoichambua ilikuwa ya ng'ombe. Insulini hiyo ina asidi amino 51 kama yetu, na zinazotofautiana ni tatu tu. Ndiyo sababu kwa takriban miaka 60 wagonjwa wengi duniani waliishi kwa insulini ya ng'ombe na ya nguruwe, hadi insulini ya binadamu itengenezwayo na bakteria ilipoanza kuidhinishwa mwaka 1982.

Homoni inakaribia kuwa ile ile, lakini misuli inayoipokea haiitiki sawasawa. Katika binadamu aliyekwisha kula, insulini hufika kwenye seli ya msuli na kuiamuru ipandishe juu ya utando wake protini za kupitishia glukosi, ambazo wataalamu huziita GLUT4. Hizo ni kama milango. Milango ikipandishwa, sukari huingia. Misuli ya ng'ombe mzima ina milango hiyo michache zaidi, na hata insulini ikibisha hodi, hufunguka kwa kiasi kidogo. Mtu mwenye misuli ya namna hiyo angeambiwa ana dalili za kisukari cha ukubwani. Kwa ng'ombe hiyo ndiyo afya: misuli, iliyo zaidi ya theluthi ya mwili, ikijizuia, glukosi hubaki kwa ajili ya ubongo, kijusi na kiwele. Tena kiwele hakingoji ruhusa ya insulini. Milango yake ni ya aina nyingine, iko wazi wakati wote.

Jambo la kupendeza ni kwamba ng'ombe hazaliwi hivyo. Ndama anayenyonya ni kama sisi. Maziwa humpita rumeni na kuingia moja kwa moja katika tumbo la nne, laktosi huvunjwa, glukosi hufyonzwa, na sukari ya damu yake hufika miligramu 100 au zaidi. Misuli yake huisikia insulini vizuri. Baada ya majuma kadhaa anapoanza kutafuna majani na rumeni ikapata wakazi wake, sukari ya damu hushuka na misuli hupunguza usikivu wake. Katika miezi michache mnyama mmoja huhama kutoka uchumi wa sukari hadi uchumi wa siki. Mwalimu anayetafuta mfano wa namna chakula kinavyobadili kazi za mwili hatapata ulio bora kuliko huu.

Sasa misuli inayonyimwa sukari inaishi kwa nini? Inaunguza asidi asetiki, inaunguza asidi za mafuta, na inaunguza ketoni zitokanazo na asidi butiriki. Glukosi inayopokea kwa kiasi huweka akiba kwa sura ya glikojeni, wanga wa mnyama, kwa ajili ya siku ya kukimbia.

Kujenga na kubomoa

Isidhaniwe kuwa insulini haina kazi katika misuli ya ng'ombe. Pamoja na sukari, homoni hii hushughulikia asidi amino. Protini ya msuli haikai kama tofali ukutani. Kila siku sehemu yake hubomolewa na nyingine hujengwa, na mnyama hunenepa pale tu ujenzi unapozidi ubomoaji. Insulini husaidia ujenzi, na zaidi ya hapo huzuia ubomoaji. Ng'ombe akila vizuri, propionati na asidi amino zikaongezeka, kongosho hutoa insulini zaidi na misuli hulindwa.

Mshiriki wake ni homoni ya ukuaji, itolewayo na tezi ndogo ya pituitari chini ya ubongo. Homoni hii haijengi misuli kwa mkono wake mwenyewe pekee. Huliamuru ini litoe homoni ya pili, ijulikanayo kwa kifupi kama IGF-1, ambayo ndiyo hasa inayozihimiza seli za misuli. Hapa pana mtego ambao wengi hawaujui. Ng'ombe mwenye njaa ana homoni ya ukuaji nyingi kuliko aliyeshiba! Lakini njaa inapungiza vipokezi vya homoni hiyo katika ini, kwa hiyo amri inatolewa na haipokelewi. IGF-1 hushuka na ukuaji husimama. Kinachobaki ni ile kazi nyingine ya homoni ya ukuaji, kuyeyusha mafuta ili mwili upate cha kuunguza.

Njaa ikiendelea, kortizoli ya tezi za adrenali huongeza nguvu yake juu ya misuli. Mafuta peke yake hayawezi kuokoa hali, kwa sababu katika mafuta ni gliseroli tu inayoweza kugeuzwa glukosi. Ubongo unadai, kijusi kinadai, na propionati imepungua kwa kuwa majani ni makavu. Ini hugeukia asidi amino za misuli. Mapema katika karne ya 20 wanafizioloji, miongoni mwao Graham Lusk wa Marekani, walipima mbwa ambao figo zao zilifanywa zimwage sukari katika mkojo, wakaona kwamba gramu 100 za protini ya mwili zinaweza kutoa kama gramu 58 za glukosi. Kwa kipimo hicho, gramu 100 za glukosi zinadai gramu 170 hivi za protini. Msuli ni maji kwa sehemu kubwa, na protini ni kama sehemu moja katika tano. Hivyo gramu hizo 170 zimo ndani ya gramu 850 za nyama. Karibu kilo nzima ya steki imeyeyushwa ili kupata sukari ya kujaza kikombe nusu. Mfugaji wa Shinyanga au Dodoma anayeona mbavu za ng'ombe wake zikijitokeza mwezi Septemba anaona hesabu hiyo kwa macho, na mnunuzi mnadani anaiona pia na kukata bei.

Kwa maoni yangu, mtu akielewa hesabu hii ataacha kuuliza, "Nimpe ng'ombe wangu nini kiangazi?" na kuuliza, "Bakteria wa rumeni yake wanakosa nini?" Nyasi kavu zina selulosi tele. Kinachopungua ni naitrojeni. Protini ghafi ikishuka chini ya asilimia 7 hivi ya majani makavu, bakteria hawawezi kuzaana, nyasi hukaa rumenini bila kuvunjwa, na mnyama hupunguza kula ingawa majani yapo mbele yake. Wasukuma wana desturi ya kale ya kutenga ngitili, sehemu ya malisho inayofungwa wakati wa masika ili iliwe kiangazi, desturi iliyofufuliwa kwa nguvu mkoani Shinyanga kuanzia miaka ya 1980. Ni desturi njema na inastahili kuenea. Lakini ngitili hutunza wingi wa majani kuliko protini yake. Ndama na ng'ombe wenye mimba wakiongezewa humo mashudu kidogo ya pamba au ya alizeti, au majani ya lukina, faida yake huwa kubwa kuliko uzito wa chakula chenyewe. Bakteria hupata naitrojeni, nyasi huvunjwa, propionati huongezeka, na ini huacha kuikopa misuli. Urea iliyochanganywa na molasi hufanya kazi hiyo pia, ila ni lazima ifuate vipimo vya mtaalamu wa mifugo: ikizidi, amonia huingia katika damu na kumwua mnyama kwa saa chache.

Mvua zikirudi, picha hugeuka upesi. Insulini na IGF-1 hupanda, na ng'ombe aliyekonda mara nyingi hukua kwa kasi kuliko mwenzake ambaye hakupata shida, ingawa si kila mara humfikia.

Wako wanaouliza kama hatuwezi kufupisha njia kwa kudunga homoni. Marekani wafugaji wa ng'ombe wa nyama wamepachika vidonge vya estradioli na trenboloni chini ya ngozi ya sikio kwa miongo mingi. Jumuiya ya Ulaya ilipiga marufuku matumizi hayo katika miaka ya 1980, na ubishi wa kibiashara ukafuata. Homoni ya ukuaji ya ng'ombe, iliyotengenezwa na bakteria, iliidhinishwa Marekani mwaka 1993 kwa ajili ya kuongeza maziwa, lakini Kanada na Ulaya hazikuikubali. Mjadala wa usalama na wa maslahi ya mnyama nitawaachia wengine. Neno langu ni la fiziolojia tu: homoni hizi huelekeza lishe iliyopo, haziumbi lishe. Mnyama aliyeonyesha hapo juu kwamba ana homoni ya ukuaji tele na bado anakonda hatanufaika kwa kuongezewa nyingine.

Nyama nyeusi

Limebaki suala la ile akiba ya glikojeni, na hapa homoni iliyo mbele ni adrenalini. Ng'ombe akitishwa, akipigwa fimbo, akipakiwa katika lori na madume asiowajua wakaanza kupigana, adrenalini huamuru glikojeni ya misuli ivunjwe. Msuli hauna kimeng'enya cha kuirudisha sukari hiyo katika damu, kwa hiyo huiunguza wenyewe au huitoa kama asidi laktiki, ambayo ini huijenga tena kuwa glukosi. Mzunguko huo ulielezwa na Carl na Gerty Cori, mke na mume waliopata Tuzo ya Nobel mwaka 1947.

Binadamu aliyekimbia mbio ndefu hujaza tena akiba yake kwa siku moja au mbili akila wali na ugali wa kutosha. Ng'ombe huchukua siku kadhaa, pengine juma zima au zaidi, kwa sababu zile zile tulizoziona: sukari haba na misuli isiyofungua milango. Basi fikiria mnyama aliyeswagwa kwa miguu hadi mnadani, akasubiri bila malisho, akasafirishwa kutoka Kanda ya Ziwa hadi mnada wa Pugu, Dar es Salaam, na kuchinjwa akiwa amechoka. Akipumzishwa usiku mmoja na kunyweshwa maji, atarudisha uzito kiasi, glikojeni haitarudi.

Baada ya kuchinjwa, msuli wenye glikojeni ya kutosha huigeuza kuwa asidi laktiki, na pH hushuka kutoka 7 hivi hadi karibu na 5.5. Nyama huwa nyekundu ya kupendeza na bakteria hukawia kuishambulia. Msuli uliokwisha akiba hubaki na pH ya 6 au zaidi. Nyama yake ni nyeusi, inanata mkononi, hung'ang'ania maji, na huanza kunuka mapema. Mteja huikataa akidhani imetoka kwa ng'ombe mzee au mgonjwa, na mwenye bucha hushusha bei.

Shule yenye karatasi za kupimia pH inaweza kulithibitisha jambo hili kwa gharama ya robo kilo ya nyama. Nunueni kipande asubuhi ile ile mnyama aliyochinjwa, kisageni kidogo pamoja na maji safi, chovyeni karatasi, andikeni jibu. Hakitakuwa mbali na 7 ikiwa saa zilizopita ni chache. Kipande kinachobaki kiwekeni katika jokofu, mkipime tena kesho yake. Kikifika 5.5 hivi, mnyama wake alikufa akiwa na akiba. Kikigoma juu ya 6, rudini kwa mwenye bucha mkamwulize ng'ombe yule alitoka mnada gani, na alikaa njiani siku ngapi.